Nani Kafa?

Mwaka jana, kwenye maonyesho ya picha hapa Dar es Salaam, nilikutana na shangazi yangu ukutani.

Picha kubwa, nyeusi na nyeupe, upana wake karibu mita moja, ndani ya fremu nyembamba ya mbao. Amekaa kwenye kibaraza cha nyumba yake Ngamiani, Tanga, kidevu kakiweka juu ya kiganja, macho yanatazama pembeni. Nyuma yake hakuna kitu, ni ukungu mtupu. Makunyanzi yake, ambayo mimi niliyelelewa naye sijawahi kuyaona kama makunyanzi, yamechimbwa kama matuta ya mihogo. Pembeni kikaratasi: "Upweke. Tanga." Jina la mpiga picha lipo. Bei ipo. Jina la shangazi halipo.

Nikaipiga picha ile picha kwa simu (ndiyo, bila kuomba ruhusa, tutafika huko), nikamtumia binti yake kwa WhatsApp. Jioni simu ikalia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hebu niambie mwanangu, nani kafa?"

Sikuelewa. Nikamuuliza ana maana gani.

"Mbona wameniweka kama nimo msibani? Siku ile nimetoka harusini mimi. Nina kisutu mwilini!"

Wasomaji wa bara mtanisamehe nikieleza kidogo. Kisutu ni kanga ya zamani, ya nakshi ndogondogo, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwa kawaida haina maandishi. Ndiyo kanga ya harusi. Mwanamke wa pwani aliyejitanda kisutu hana haja ya kukueleza anatoka wapi, nguo imeshasema. Sasa ondoa wekundu. Kinabaki nini? Kitambaa cheusi chenye vidoadoa. Mpiga picha alibonyeza kitufe kimoja kwenye kompyuta yake, harusi ikageuka matanga, na watu wakasimama mbele yake wakishika glasi za juisi na kusema, jamani, hii picha ina hisia.

Naandika haya kwa sababu nimechoka, na najua sijachoka peke yangu. Fungua Instagram, andika jina la mji wowote wa pwani yetu, utakutana nao: mzee wa kofia mwenye ndevu nyeupe, mama wa mihogo katikati ya moshi, mtoto asiye na viatu, kuli wa Kariakoo mwenye jasho. Wote hawana rangi. Wote wametengwa na mahali walipo kwa lenzi ndefu inayoyeyusha kila kilichopo nyuma. Wote hawana majina. Chini yake sentensi ya kishairi kuhusu nyuso zinazobeba hadithi. Hadithi gani? Haisemwi, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Na msikimbilie kusema ni watalii. Aliyempiga shangazi ni kijana mwenzetu, Mswahili wa Dar, tena kijana mzuri, ana jicho. Mtalii ana udhuru wa kutojua kisutu ni nini. Sisi udhuru wetu ni upi?

Kabla sijashambuliwa niseme wazi kwamba mimi ni mpenzi wa picha nyeusi na nyeupe, na ni mapenzi ya kuzaliwa nayo. Sebuleni kwa babu ukuta mzima ulikuwa wa picha hizo, na hakuna hata mtu mmoja ndani yake aliyeonekana kuhuzunika. Walionekana wakubwa, hilo ndilo neno. Mkono mmoja juu ya meza ndogo yenye maua ya plastiki, saa ya mkononi imevutwa mbele ili ionekane, kanzu imepigwa pasi, kifua mbele. Nani aliwapiga? Mafundi wa studio, na wale wapiga picha wa mtaani waliozunguka na kamera shingoni, unalipa kianzio, halafu siku tatu baadaye anarudi na picha yako ya posti kadi ndani ya bahasha. Mtu aliyepigwa alikuwa mteja. Kama hakuipenda picha aligoma kumalizia hela, na fundi akapata hasara ya karatasi na dawa. Tazameni hilo vizuri, maana hoja yangu yote imo humo. Sura yako ilikuwa ni amri yako. Leo aliyepigwa ni malighafi.

Pwani hii ina ukoo mrefu wa mafundi hao. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930 na mwanawe akairithi. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, ambaye kuanzia miaka ya 1940 aliwapiga Waswahili, Wahindi, Waarabu, maharusi, wapenzi, mashoga wawili wa kike waliovaa sare. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyeanza kwa kuzunguka mitaani na kamera kabla ya kuwa na studio, akawa bingwa wa kuunganisha picha, mtu anatokea ndani ya kitu au juu ya kitu, kama ndoto. Hawa walikuwa wakifanya kazi bila rangi kwa sababu hiyo ndiyo mikanda iliyokuwepo na iliyonunulika. Na angalieni ajabu, wengi walipopata nafasi walirudisha rangi kwa mkono, wakipaka midomo wekundu na vipuli njano kwa brashi ndogo. Mteja alitaka dhahabu yake ionekane ni dhahabu. Sisi tuna kamera inayoona mamilioni ya rangi, tunazimwaga, halafu tunajiita wasanii.

Mtu ataniambia kuondoa rangi ni kuondoa kelele, ibaki roho. Nimeisikia sana hiyo. Hebu tuizungumze kiufundi kidogo, maana hapa ndipo uongo unapojificha.

Unapogeuza picha ya rangi kuwa nyeusi na nyeupe, kompyuta haikupi "ukweli uliokuwa chini ya rangi". Inakuuliza, au inaamua kwa niaba yako, kila rangi iwe kijivu cha kiasi gani. Ngozi zetu zina wekundu na njano nyingi. Ukiuinua wekundu, ngozi inang'aa na kulainika, kipele hakionekani. Ukiushusha, ukatumia zaidi sehemu ya buluu, ngozi inakuwa nyeusi, kila kovu na kila mkunjo unajitokeza. Filamu za mwanzoni kabisa hazikuona wekundu kabisa, ndiyo maana watu kwenye picha za kale sana wanaonekana wamekauka. Kwa hiyo yule mzee wa Instagram mwenye uso kama gome la mbuyu hakuzaliwa nao. Kuna mtu alikaa kwenye kiti, akasogeza vitufe viwili vitatu, akamzeesha. Huo ni uamuzi. Nataka auseme kuwa ni wake, asimsingizie mwanga.

Uamuzi huohuo unaweza kufanywa kwa upendo. Roy DeCarava alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1919, na mwaka 1952 akawa mpiga picha wa kwanza Mweusi kupata ufadhili wa Guggenheim. Aliutumia kupiga picha watu wa mtaa wake, jikoni, kwenye ngazi, kwenye treni ya chini ya ardhi. Picha zake ni za giza, giza kweli, kijivu juu ya kijivu, unalazimika kusogea na kusubiri jicho lizoee kama umeingia chumba kisicho na taa. Hakuzidisha mwanga ili mtazamaji wa nje apate urahisi. Lakini ndani ya giza lile watu wanacheka, wanabeba watoto, wanapika. Kwenu wapenzi wa vitabu kuna jambo jingine. Picha hizo zilipokosa pa kutokea, Langston Hughes alizichukua akaziandikia maneno, ikawa The Sweet Flypaper of Life, 1955. Na Hughes hakuandika kama mshairi anayezitazama nyuso kwa mbali. Alimbuni bibi mmoja wa Harlem, akampa kazi ya kutuonyesha picha, huyu mjukuu wangu, huyu jirani, huyu ana matatizo na mkewe. Bibi ni wa kubuni, sawa, lakini ni mtu anayewajua waliomo pichani. Anaweza kuwasengenya. Nani kwenye maonyesho yetu angeweza kumsengenya shangazi?

Kinachowaunganisha DeCarava na wale wa Mombasa na Lamu ni kwamba walikuwa wakiishi pale. Seydou Keïta, Bamako, alifungua studio yake mwaka 1948 uani kwao, akitumia mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka lake la kitandani. Malick Sidibé, mji huohuo, alitoka studio akawafuata vijana kwenye dansi zao za usiku, akarudi kusafisha picha usiku huohuo, kisha akazibandika ndogondogo kwenye karatasi ili waje wachague. Kwa hiyo msinidanganye kwamba makubaliano yanawezekana studioni tu na mtaani lazima uibe. Sidibé alikuwa katikati ya watu wanaocheza, kwa flashi, na bado kesho yake walikuja kuuliza picha yangu iko wapi.

Swali hilo, picha yangu iko wapi, ndilo kipimo changu. Kama uliyempiga hawezi kukuuliza, kwa sababu hajui kwamba ipo, basi umechukua kitu.

Kuna wanaosema neno lenyewe, kupiga picha, linaonyesha ukatili. Hapana bwana. Tunapiga mswaki pia, tunapiga pasi. Tusitafute fumbo kwenye sarufi wakati tatizo liko wazi mezani.

Sasa zamu yangu. Mimi ni mwandishi wa habari na mikono yangu si safi. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, nilimpiga picha mbeba mizigo mmoja Kariakoo. Gunia kichwani, mishipa ya shingo imesimama. Picha nzuri, niliipenda mno. Sikumuuliza jina kwa sababu alikuwa anatembea haraka na mimi nilikuwa na haraka. Gazeti nililokuwa nikilifanyia kazi likaitumia kwenye habari ya bei za vyakula, kukawa hakuna shida. Halafu ikaingia maktaba. Kila aliyehitaji uso wa mtu mnyonge aliichomoa: umaskini, ajira, msongamano, na siku moja kipindupindu. Chini yake maneno mawili yanayosamehe kila kitu kwenye magazeti yetu, "picha ya maktaba".

Siku moja nikiwa sokoni mtu akanishika bega. Nilimtambua kabla hajafungua kinywa, maana uso wake niliujua kuliko wa baadhi ya ndugu zangu.

"Wewe ndiye uliyenipa kipindupindu?"

Alikuwa anacheka, lakini nusu. Akanieleza kwamba mkwe wake aliona gazeti, akapiga simu kutoka kijijini, na kulikuwa na kikao cha familia. Kikao kizima kuhusu ugonjwa ambao hakuwahi kuugua. Nikamuomba radhi, nikamnunulia chakula, akala, akanishukuru, na mpaka leo ile shukrani inaniuma zaidi kuliko angenitukana. Nilimuuliza jina siku ile. Nilipaswa kumuuliza miaka kabla, ingenigharimu sekunde 10.

Kwa hiyo ninapomsema yule kijana wa maonyesho, namsema kama mtu aliyefanya kosa lilelile na kulipwa mshahara kwa ajili yake.

Na halikuanza kwetu. Picha maarufu kuliko zote za aina hii, nyeusi na nyeupe, mama mwenye wasiwasi, watoto wamemficha nyuso mabegani, ilipigwa na Dorothea Lange huko Nipomo, California, mwaka 1936. Dunia nzima ilimjua kama Mama Mhamaji. Lange mwenyewe alikuja kukiri kuwa hakumuuliza jina wala historia yake. Jina lilipatikana mwaka 1978, miaka 42 baadaye. Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Wacherokee, jambo ambalo watazamaji hawakulijua, na ambaye alisema anatamani asingepigwa picha ile, kwani hakupata hata senti. Najua, najua: picha ile ilisaidia, chakula kilipelekwa kambini. Lakini yeye alikuwa ameshaondoka. Mpaka leo naiona ni picha kubwa sana, na sioni sababu ya kuchagua kati ya kuistahi picha na kumsikiliza mwenye uso.

Watetezi wa upande wa pili wana hoja na si zote za kipuuzi. Ya kwanza ni sheria. Kweli, New York mzee mmoja wa Kiyahudi aliyepigwa Times Square na Philip-Lorca diCorcia bila kujua alikwenda mahakamani kwa sababu za dini yake, na mwaka 2006 kesi ikatupwa, mahakama ikaona ni sanaa. Kwetu huku kuna sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na mawakili wataendelea kubishana. Waendelee. Mimi sikuja kuuliza kama shangazi anaweza kushitaki.

Ya pili ni nzito zaidi. Wanasema ukiomba ruhusa unaua picha: mtu anakaza uso, anasimama wima, uhalisia unapotea. Askari anayempiga raia virungu hutamuomba akupigie pozi, hilo ninakubali bila masharti, habari ni habari. Lakini mama aliyekaa kibarazani kwake si tukio la dharura. Na nani kawaambia pozi si uhalisia? Pwani mtu haonekani ovyo. Kuna sitara, kuna haya, kuna namna ya kujiweka mbele ya macho ya watu, na namna hiyo ndiyo yeye. Mnapomkamata ameinamisha kichwa mnadhani mmempata mwenyewe, kumbe mmempata akiwa hajawa tayari. Ni sawasawa na kumsikiliza mtu akikohoa ukadai umeisikia sauti yake. Shaaban Robert, mtu wa Tanga pia, alipotaka kuandika wasifu wa Siti binti Saad alimfuata mwenyewe, akakaa naye, akamsikiliza kabla hajafariki mwaka 1950. Hakumchungulia dirishani ili ampate akiwa "halisi".

Halafu, kusema kweli, woga ndio unaozungumza. Lenzi ya milimita 200 ni ukuta. Ukitumia ya 35 inabidi usogee mpaka mita moja na nusu, umbali wa kusalimiana, na ukishafika hapo huwezi kutosalimia. Nimejaribu. Unaamkia, unaulizwa watokea wapi, mtoto wa nani, unakaa, kahawa inakuja, kipande cha kashata kinakuja. Picha ya kwanza ni ngumu kama pasipoti saizi. Ya pili hivyohivyo. Kwenye ya tano au ya sita mtu amekusahau, au tuseme amekukubali. Na kwa kuwa uko karibu na lenzi ni pana, mtaa wote unaingia: mlango, maandishi ya duka, ndoo, paka, jirani anayechungulia. Mahali panaingia. Ile ukungu laini inayopendwa sana nyuma ya nyuso, mimi naiona ni kufuta anwani ya mtu.

Kuhusu anwani: niliitafuta namba ya yule kijana. Nilidhani atanikatia. Hakunikatia. Alinyamaza muda mrefu, akasema hakujua, akanitumia picha ya asili kama ilivyotoka kwenye kamera. Ikafunguka polepole kwenye simu yangu. Wekundu wa kisutu kwanza. Halafu, upande wa kulia, sehemu iliyokatwa ili ipatikane picha ya ukutani, kuna mkono. Mkono wa mwanamke mwingine, una hina mpaka kwenye vifundo, umeshika sahani ya pilau, unampa shangazi. Macho yale yaliyokuwa "yanatazama mbali" yalikuwa yanatazama sahani.

Upweke!

Nilimpelekea shangazi Tanga mwenyewe, nimeichapisha. Akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda. Mkono aliutambua mara moja, ni wa shoga yake, mama wa bwana harusi. Akasema rangi imetoka vizuri. Lakini hakuitaka.

"Nimeinama hivi kama nina njaa. Mwambie huyo kijana aje, nikae vizuri, anipige kama watu."

Nikamwambia kijana. Akasema atakuja, amefurahi hata kualikwa. Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Kisutu kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa juu ya sanduku, na kila nikipiga simu shangazi anauliza kama gari kutoka Dar zimeacha kuja Tanga.